Kisu chako, Baba Neema

Majengo, Moshi
Jumapili jioni

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu kwako, kwa Mama Neema na watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya Juni imetukalia, na najua wewe wa Arusha utacheka ukisikia mtu wa Moshi analalamikia baridi. Mlima hatujauona tangu Jumatatu. Unachungulia saa kumi na mbili asubuhi, dakika kumi hivi, kisha unajivutia shuka.

Picha ya visu vitatu nimeipata. Kwamba mgeni wako wa Julai anataka kukuletea kisu cha kukunja na amekuachia uchague makali mwenyewe, hiyo ni bahati. Mimi wageni wangu huniachia soksi. Umesema kimoja kina makali manyoofu, cha pili kina meno kuanzia mpini hadi ncha, cha tatu nusu meno nusu manyoofu, na moyo wako umeshaangukia hicho cha tatu kwa kuwa ni "viwili kwa bei ya kimoja". Nilitaka kukupigia, nikaona vocha itaisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Halafu kuna kifurushi nakutumia na Coaster ya kesho asubuhi, kwa hiyo barua itasafiri nacho.

Nianze na jibu, maana barua zangu huwa huzimalizi: mwambie akuletee chenye makali manyoofu. Cha tatu kiache kabisa.

Unakikumbuka kile kisu nilichopewa geti la Mweka, tuliposhuka Kilimanjaro, na yule mgeni mrefu aliyelia kileleni mpaka na sisi tukalia? Ni hicho hicho cha nusu kwa nusu. Nimekaa nacho misimu sita. Bapa lake lina sentimita 8, nimelipima leo kwa rula ya Glory. Meno yanaanzia kwenye mpini na kuchukua sentimita 3 na nusu, manyoofu yanabaki na 4 na nusu kwenda kwenye ncha. Siku zile nilikiita chotara, kama kuku chotara: mayai unapata, nyama unapata, unafuga mmoja unakula pande zote. Lakini kuku chotara amechanganyika damu, ukimkata popote ni yule yule. Kisu hiki hakikuchanganyika. Kimegawanywa, kama kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu babu kilivyogawanywa kwa baba zetu, kila mmoja akapata kipande kisichotosha hata kuchimba shimo la taka. Ukitaka kukata kamba kwa meno, unavuta kidogo tu na meno yamekwisha. Ukitaka kukata nyama kwa mkato mmoja mrefu, mkono unaanza vizuri kwenye ncha, ukifika katikati meno yanadaka.

Kinachoniudhi zaidi ni mahali walipoyapanda hayo meno. Chukua kijiti sasa hivi, jifanye unachonga mishikaki. Umeona kisu kinakata kwa sehemu gani? Siyo ncha. Ni pale karibu na mpini, kwa sababu ndipo nguvu ya mkono ilipo. Kumenya kiazi hali kadhalika, kidole gumba kinakutana na makali pale pale chini. Basi sehemu hiyo nzuri kuliko zote ndiyo waliyoipa meno. Kwenye mti meno yanaruka na kuacha mikwaruzo, na kwenye kiazi yanakuparua kidole. Kuna watengenezaji waliogeuza, wakaweka meno upande wa ncha, na hapo kidogo naona akili, ila ubaya wa kihamba uko pale pale.

Sasa nisije nikaonekana nina chuki na meno. Wewe umekulia Chekereni kwenye mpunga, mundu wenye meno unaujua kuliko mimi. Mbona panga la kukatia migomba halina meno, na mundu wa mpunga unayo? Panga linapiga, au linasukumwa. Mundu unavutwa. Unashika kichane cha mpunga, unazungusha, unavuta kuja kwako, na mabua yote yanayoteleza yanajikuta yamenaswa. Hata jikoni kwa Mama Neema kisu cha mkate kina meno kwa sababu hiyo hiyo, ganda gumu la juu linataka kushikwa kwanza ndipo likatwe.

Jinsi yanavyofanya kazi ni rahisi. Ncha za meno ndizo zinazogusa kwanza, kwa hiyo uzito wote wa mkono wako unakaa kwenye vidoti vichache na vinazama. Halafu mabonde yaliyo kati ya jino na jino ndiyo yanayomalizia kukata. Mabonde hayo hayagusi ubao, hayagusi sahani, hayagusi jiwe, ndiyo maana kisu cha meno kinakaa miezi na bado kinakata. Na ukiyafuata makali kwa uzi, ukipanda jino na kushuka bondeni, utakuta ni marefu kuliko bapa lenyewe.

Chotara yangu imewahi kunifaa usiku mmoja tulipolala kambi ya Shira mlimani na upepo ukaivamia hema ya jikoni. Kamba mbili zilikuwa zimesokotana, zimelowa, halafu zimeganda barafu, na vidole vyangu ndani ya glavu havikuwa na habari na fundo. Kisu sikuwa nimekinoa tangu Januari. Niliweka meno, nikavuta mara mbili, kamba ikaachia. Kwa makali manyoofu yaliyokuwa butu kiasi kile ningebaki nasugua mpaka asubuhi. Kwa hiyo siwezi kusema meno ni ujinga. Mtu asiyenoa kisu chake, meno yatamvumilia.

Lakini ngoja nikwambie ya Krismasi. Tulikuwa nyumbani Kibosho, mbuzi kachinjwa, na mimi kwa kujionyesha nikasema visu vya nyumbani vyote vikae, nitamchuna kwa kisu cha Mzungu. Unajua kuchuna kunavyotaka mkono mwepesi, makali yateleze kati ya ngozi na nyama bila kuuliza. Yale meno yakawa yanadaka kila mahali. Ngozi ilitoka na matundu kama chujio la mbege, na baba mdogo akaiinua juani watu wote waione, akauliza, "Umemchuna au umemng'ata?" Mpaka leo wakinikaribisha kwenye ndafu ya harusi, kuna mtu lazima aulize kama nimekuja na meno yangu.

Swali ambalo naona hukujiuliza ni nani atakayekinoa. Hapo ndipo meno yanapokuja kudai deni. Makali manyoofu unayanoa popote: jiwe la dukani, jiwe la mtoni, kitako cha kikombe cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa, mimi nimeshanoa kwa hicho kambini Karanga. Meno hayakubali jiwe bapa. Ukiyasugua kwenye jiwe bapa unakata ncha zake tu, na mabonde yanabaki vile vile. Mwaka juzi nilimpelekea chotara mnoaji mmoja wa baiskeli, wale wanaosimamisha baiskeli kwenye stendi, wanakanyaga pedali na jiwe linazunguka. Nilimwambia, "Mzee, huku kwenye meno usiguse." Akanijibu kisu ni kisu. Nikageuka kununua vitunguu, niliporudi cheche zinaruka, na meno mawili ya mwanzo yalikuwa yamekuwa vilima vya mviringo kama magego ya bibi. Alinirudishia akitabasamu, akataka na hela yake. Nikampa, nifanyeje?

Namna ya kuyanoa ipo, nilijifunza kwa shida. Yaangalie vizuri: upande mmoja wa bapa umechongwa mabonde, upande wa pili uko tambarare. Kwa hiyo unanoa upande wenye mabonde peke yake. Chukua penseli, izungushie msasa laini, ilaze ndani ya bonde moja kwa mwinamo ule ule uliochongwa kiwandani, sukuma mara tano sita. Ukipapasa upande wa pili utahisi kiuzi cha chuma kimejikunja. Nenda bonde linalofuata. Ukimaliza yote, laza upande ule tambarare kwenye jiwe, upitishe mara moja au mbili bila kukandamiza, kiuzi kiondoke. Kama mabonde ni ya ukubwa tofauti, mengine madogo mengine makubwa, utahitaji penseli na kijiti chembamba zaidi. Kazi ya dakika arobaini kwa sentimita 3 na nusu. Sasa piga hesabu ya kisu cha meno matupu, mwezi wa nane, umetoka Serengeti saa mbili usiku na kesho saa kumi na moja alfajiri uko hotelini kuchukua wageni wengine.

Na hiyo ya kuchongwa upande mmoja ina tabia nyingine. Kisu kinakwenda upande. Ukikata tikiti maji unaanza katikati unaishia pembeni, kipande kimoja kinene kama tofali na kingine unaona mwanga kupitia.

Nikwambie sasa kitu kilichonifanya niandike barua nzima badala ya neno moja. Jana nilikaa nyuma ya nyumba na kipande cha kamba ya katani nene kama kidole, kamba ya manila, na tyubu kuukuu ya bodaboda. Nilikuwa na chotara, na kisu changu kingine cha makali manyoofu ambacho nilikuwa nimekinoa kwa jiwe laini na kumalizia kwenye mkanda wa ngozi mpaka kinanyoa nywele za mkono. Kwenye katani hicho kinachonyoa kilinitia aibu. Kiliteleza juu ya nyuzi kama kinaogopa kuzigusa, na meno yakakishinda vibaya. Basi nikakirudisha kwenye jiwe, upande ule wa mkwaruzo mkubwa, nikakipitisha mara chache kila upande na sikukipeleka kwenye upande laini. Nywele kikawa hakinyoi vizuri tena. Lakini katani, Baba Neema! Kilizama kama meno, pengine meno yalitangulia kidogo tu. Sababu ni kwamba jiwe la mkwaruzo linaacha vijimeno vidogo sana kwenye makali, huvioni, ila ukipitisha ukucha taratibu unavihisi. Sisi tumezoea kudhani kisu kikali ni kile kinachong'aa. Kinachong'aa ni kizuri kwa kuchuna na kumenya, na kwa kamba unataka kile kilichoachwa na mikwaruzo yake.

Kwa manila meno bado yalishinda, nisikudanganye. Ila kwa tyubu niliyaona makosa yake. Unajua unavyochana tyubu kwa urefu kupata mipira ya kufungia mizigo juu ya gari. Meno yalichana haraka, lakini ukingo ukatoka na vipele vipele. Nikauvuta mpira ule kwa nguvu, ukaanza kupasuka palepale kwenye kipele kimoja. Ule wa makali manyoofu ukingo wake ulikuwa safi, nikaning'inia nao. Wewe unayefunga majerikeni ya mafuta juu ya Land Cruiser kwa mipira hiyo hiyo, hilo siyo jambo dogo.

Kwa hiyo kisu kimoja cha manyoofu, jiwe moja la pande mbili kutoka duka la vifaa vya ujenzi, na makali unayabadilisha wewe kulingana na wiki. Una safari ya kamba na maturubai, ishia upande wa mkwaruzo. Uko nyumbani na mbuzi, malizia upande laini.

Kuna kazi moja tu ambayo nakubali kabisa meno yawe karibu nawe, nayo ni mkanda wa kiti. Gari likilala ubavu na mtu ananing'inia kwenye mkanda, hutaki kufikiria kama ulinoa wiki iliyopita. Lakini hicho kisiwe kisu cha zawadi unachokatia maembe. Tafuta cha meno, hata cha bei ndogo, kichwa chake kiwe butu kama kwato, siyo chenye ncha, maana utakuwa unakipitisha kati ya mkanda na kifua cha mtu. Kiweke mlangoni upande wako na kisiguse kitu kingine chochote. Usipokitumia hakitakuwa butu. Nashangaa wenzetu wengine walishaliona hili: ile koleo ya Marekani ya kukunja, Leatherman Wave ya 1998, wana makali manyoofu kwenye bapa moja na meno kwenye bapa lingine, kila moja na nyumba yake. Na Uswisi, ambao kisu chao chekundu cha maofisa ni cha tangu 1897, wakitaka meno mara nyingi wanakuongezea msumeno pembeni, bapa kubwa wanaliacha nyoofu. Wafaransa wanaokuja na Opinel zao za mpini wa mti, za sentimita 8 na nusu, nimewaona wakikata jibini, kamba za viatu na soseji kwa bapa lile lile jembamba, na sijasikia mmoja akiulizia meno.

Yaliyobaki ni mafupi. Mwambie mgeni kisu akiweke kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege. Akikiacha kwenye begi la mkononi kitaishia kwa walinzi wa uwanja alikotokea na wewe utakuja uwanja wa KIA kupokea mkono mtupu. Pia aangalie kiwe na kufuli, ile ya kuzuia bapa lisijikunje. Kisu cha kukunja kisicho na kufuli, ukikisukuma kikanasa kwenye kamba ukakivuta kwa hasira, kinaweza kukufungia vidole. Na bapa lisiwe nene. Watu wanapenda manene kwa kuwa yanaonekana ya kiume, halafu wanakata karoti inapasuka kama kuni.

Kwenye kifurushi kuna chotara yangu, penseli yenye msasa, na kipande cha katani. Sitaki uniamini kwa maneno. Kaa nacho wiki mbili, kata nacho kila kitu unachokata, na ukifika geti la Naabi, Serengeti, saa ya chakula uwamenyee wageni maembe nacho. Ukiona kinakufaa, niandikie kwamba nimeongopa na kibaki chako, mimi sitaki kukiona tena Krismasi ijayo. Kama hakikufai, mjibu mgeni kabla hajafunga mizigo.

Konda nimemweleza kwamba ndani kuna kisu, akacheka akasema atakiweka chini ya kiti cha dereva. Kipokee stendi mwenyewe, usimtume mtoto. Nimekiviringisha kwenye soksi moja ya shule ya Glory, na mwenzake ninayo hapa, kwa hiyo soksi irudi na Coaster ya jioni.

Wako,
Baba Glory